Tandika mkeka kwanza: maswali yenu kuhusu miwani ya VR

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba nimenunua miwani ya VR, ile unayovaa usoni ukajikuta ndani ya gemu, Meta Quest 2 iliyotumika, na kwamba siku ya kwanza tu nilipiga ngumi kabati la vyombo hapa kwangu Area C, Dodoma, nikidhani napiga bondia. Nilijiandaa kuchekwa. Nimechekwa, ndiyo, lakini mmeleta na maswali. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Kaka, habari za kazi. Shemeji yangu kaja nayo kutoka Dar. Nikavalishwa, nikaendeshwa kwenye mashindano ya magari. Dakika tano hazijaisha jasho la baridi linanitoka, nikakimbilia nje kutapika. Wananiita mgonjwa. Ni mimi au ni miwani? (Nkuhungu)

Ni shemeji. Amekuanzishia darasa la saba kabla hujakaa chekechea.

Umewahi kupanda basi la Iringa? Ukifika zile kona za milima ya Nyang'oro umeinamia simu, lazima tumbo likuchafuke. Ndani ya sikio tuna viungo vidogo vyenye majimaji, kazi yake kuuambia ubongo kama mwili unasogea au umetulia. Kwenye basi sikio linasema tunapinda, macho yaliyoganda kwenye simu yanasema tumekaa. Ubongo ukipokea taarifa mbili zinazogombana, tumbo ndilo linaloadhibiwa. Miwani ya VR inafanya jambo hilohilo kinyumenyume: macho yanaona gari linakimbia, sikio linajua umesimama sebuleni Nkuhungu. Ndiyo maana hata mtu ambaye hajawahi kutapika garini anaweza kuangushwa na miwani.

Anza na gemu ambazo mwili wako na picha vinakwenda pamoja. Beat Saber ni mfano mzuri: umesimama palepale, vibox vinakujia kwa mdundo, wewe unavikata kwa mikono. Ukisogeza kichwa, picha inasogea vilevile, hakuna ugomvi. Gemu za kutembea ziache kwa wiki kadhaa, na ukizifikia, ingia kwenye mipangilio uchague kuhama kwa kuruka, yaani kutokea ghafla pale unapolenga, badala ya kuteleza, na kugeuka kwa vipande badala ya kuzunguka taratibu. Feni ikupulizie usoni. Nimejaribu, inasaidia, na pia inakukumbusha mbele ya chumba ni wapi. Pima na nafasi kati ya lenzi, ilingane na ya macho yako. Quest 2 ina vituo vitatu, milimita 58, 63 na 68, unavuta lenzi kwa vidole. Zikikaa vibaya picha inakuwa na ukungu na kichwa kinagonga bila hata gari.

Halafu kuna ushauri mmoja ninaousikia vijiweni na ninaukataa: eti vumilia utazoea. Usivumilie. Ukihisi joto la ghafla shingoni au mate yanajaa mdomoni, vua palepale, kaa, angalia kitu cha mbali. Ukilazimisha, unaufundisha mwili kuichukia miwani, na nina rafiki ambaye siku hizi akisikia harufu ya ile sponji ya miwani inayogusa uso anaanza kumeza mate. Alichezea baada ya ugali wa uwele na mlenda, sahani imejaa. Sitaeleza zaidi.

Nimepanga chumba kimoja Chang'ombe, futi kumi kwa kumi, na kitanda kimo humohumo. Inatosha? (Kijana wa Chang'ombe)

Tupige hesabu. Futi kumi kwa kumi ni kama mita tatu kwa tatu. Kitanda cha nne kwa sita ukikisukuma ukutani unabakiwa na upana wa futi sita, haufiki mita mbili. Gemu za kutembeatembea zinataka walau mita mbili kwa mbili, kwa hiyo hizo zisahau. Za kusimama au kukaa zinataka urefu wa mikono yako tu, na hizo ndizo nyingi.

Miwani itakuomba uchore mpaka sakafuni kwa kontrola, kile kishikio cha mkononi. Ukiukaribia, nyavu zinatokea hewani kukuonya. Ni kitu kizuri ila kina upofu wake: mpaka unaulinda ukuta, hauoni pangaboi juu ya kichwa chako, hauoni ndoo iliyoletwa baada ya wewe kuchora, hauoni mtoto wa jirani aliyeingia bila hodi. Mimi nimeacha kuutegemea peke yake. Natandika mkeka katikati, navua viatu. Nyayo zikigusa sakafu ya baridi najua nimetoka nje, nami narudi bila kuvua miwani. Teknolojia ya ukindu hiyo, haina chaji. Na ile kamba ya kontrola vaa mkononi, hata kama inakukera. Televisheni za watu zimepasuka kwa kontrola zilizochomoka.

Jambo lingine: humo ndani utaona meza. Utataka kuiegemea. Haipo.

Nyumba ni ndogo ila uwanja ni mkubwa, na kuna mwarobaini wenye kivuli kizuri. Si nichezee nje tu? (Msomaji wa Mtumba)

Hapana, ndugu yangu, na hili nalijibu kwa uchungu.

Utotoni uliwahi kuunguza karatasi kwa kioo cha kukuzia? Miwani ya VR ina vioo viwili vya namna hiyo, na nyuma yake, sentimita chache tu, kuna skrini. Jua likiingia kwenye lenzi linakusanywa kuwa nukta moja, na nukta hiyo inaichoma skrini. Haichukui saa nzima. Mimi nilivua nikaenda kunywa maji, nikaiacha mezani chali, lenzi zinatazama dirisha la magharibi, saa kumi jioni. Niliporudi na kuivaa, palikuwa na doa la njano karibu na katikati, upande wa jicho la kulia. Nilifuta, nikafuta tena. Halifutiki, maana kilichoungua si lenzi. Mpaka leo kila gemu ninayocheza ina mwezi wake mdogo angani. Kosa ni langu, simlaumu mtu.

Sasa fikiria hapa kwetu, ambapo mvua ikishaaga Aprili tunakaa miezi chungu nzima bila wingu la maana. Mwarobaini hautakuokoa, majani yanapitisha vijimwanga, na kijimwanga kimoja kinatosha. Isitoshe, miwani inajua ilipo kwa kutumia kamera zake za nje, na mwanga mkali wa jua unazichanganya, mikono yako humo ndani inaanza kuruka kama nzige.

Nilimpelekea fundi cherehani kipande cha kitenge akanishonea mfuko wa kamba. Nikivua, miwani inaingia mfukoni hapohapo, kabla ya kunywa maji. Mfuko huo unazuia na vumbi, ambalo ukisubiri upepo wa Julai na Agosti utalikuta hadi kwenye sukari. Ukisafisha lenzi, puliza vumbi kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini kikavu cha miwani, kuanzia katikati kwenda nje. Usianze kwa kusugua, vumbi letu lina mchanga. Spiriti na sanitaiza usiguse lenzi kabisa.

Umeme ukikatika je? Na inakula bando kiasi gani? (Wengi)

Quest 2 ina betri yake, saa mbili hadi tatu kutegemea unachofanya. Kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya gemu wewe unaendelea, ila chumba kikiwa giza zile kamera zinapofuka na utapata onyo kwamba haioni ulipo. Taa ya sola ya kutosha inarudisha mchezo. Mshumaa hapana.

Bando: siku ya kwanza ndiyo inayouma. Lazima uwe na intaneti kuiwasha na kufungua akaunti kupitia simu, na ikiwaka itataka kusasisha mfumo wake, kisha gemu moja moja, nyingine ndogo, nyingine zaidi ya gigabaiti kumi. Hotspot ya simu inafanya kazi. Nunua bando la usiku, chomeka chaji, nenda kalale. Baada ya hapo gemu nyingi za mtu mmoja zinachezeka bila intaneti.

Kuna kiboksi cha plastiki unachoingiza simu, bei yake ni chai na vitumbua ukilinganisha na hiyo yako. Si ni kitu kilekile? (Ipagala)

Ni binamu. Simu inajua umegeuza kichwa upande gani, basi. Ukipiga hatua mbele, ukiinama, ukichungulia nyuma ya kitu, haijui, picha inakufuata kama picha iliyobandikwa usoni. Hii nyingine inajua umesogea na mikono yako iko wapi. Kwa kuonja video za kuzunguka, zile unazogeuza kichwa ukaona pande zote, kiboksi kinatosha. Usikitumie kuamua kama VR inakufaa, kwa sababu hicho ndicho kinachotapisha zaidi.

Mwanangu ana miaka saba. Amecheza kwa mjomba wake, sasa kila siku ni kilio. Nimpe? (Mama, Kisasa)

Mama, hapana kwa sasa. Meta, watengenezaji wa Quest wenyewe, wanaanzia miaka 10, na kati ya 10 na 12 akaunti inakuwa chini ya mzazi. Sony, kwa ile ya PlayStation, wanasema 12. Sababu mojawapo unaweza kuipima kwa rula: macho ya mtoto wa miaka saba yamekaribiana kuliko kituo kidogo kabisa cha lenzi nilichokitaja juu, milimita 58, kwa hiyo haoni sawasawa hata akisema anaona. Uzito nao ni karibu nusu kilo, mbele ya uso, kwenye shingo ile.

Akifikisha umri, kaa naye chumba kimoja, umpe dakika chache, na akivua acha apumzike kabla ya kupanda baiskeli. Mjomba mwambie nimesema mimi.

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, Kongwa. Binti yangu alinivika hiyo miwani nikajikuta katikati ya bahari, nikashika kiti kwa nguvu mpaka wakacheka. Nimeipenda. Je, umri wangu unaruhusu, na naweza kwenda kuona michoro ya miambani ya Kolo kwa njia hiyo? (Mwalimu)

Shikamoo mwalimu. Kushika kiti ulifanya jambo la akili kuliko wote waliokucheka. Endelea kukaa, tena kiti chenye mikono. Watengenezaji wanaonya kwamba mwenye kifafa, tatizo la moyo au kifaa kama betri ya moyo amuone daktari kwanza. Kama uko salama hapo, video za kuzunguka ndizo zako: unakaa, unageuza kichwa, dunia inabaki ilipo. Kumbuka tu kwamba kwenye video hizo huwezi kusogelea kitu. Aliyepiga picha alisimama pale na wewe umesimama palepale.

Na hiyo ndiyo sababu, kuhusu Kolo, nakushauri vingine. Michoro ile imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006, na utamu wake ni kusogea hadi uone mstari mwekundu ulivyopita kwenye ufa wa jiwe. Lami ya kwenda Babati inapita Kolo kwenyewe. Ukipata wajukuu wa kukushika mkono kwenye kile kilima, nenda na miguu yako. Bahari ndiyo uiache kwenye miwani.

Nimenunua iliyotumika, nikiiwasha inadai namba ya siri ya mwenye nayo wa zamani, na simu hapokei. (Makole)

Izime. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti, shikilia mpaka menyu ndogo itokee, chagua kurudisha mipangilio ya kiwandani. Itafuta kila kitu, nawe utaanza kwa akaunti yako. Zile gemu ishirini alizokuahidi zitaondoka naye, kwa sababu gemu ni mali ya akaunti, si ya kifaa. Nami nililipishwa hela ya juu kwa ahadi hiyohiyo. Safari nyingine vaa kabla ya kulipa, fungua ukurasa mweupe, tafuta doa la njano.

Navaa miwani ya macho. (UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma)

Quest 2 inakuja na kipande cha plastiki cha kuongeza nafasi, kiweke. Vaa ya VR kuanzia mbele kwenda nyuma, vua kwa mpangilio huohuo. Lenzi zikigusana zinachubuana, na zitakazoumia ni zote mbili.

Nasoma hapa chuoni, nataka nifungue kibanda, watu walipie kwa dakika kama kwenye pleisteshen. Unanishaurije? (UDOM pia, ila mwingine)

Wazo zuri, hesabu ngumu. Pedi mbili kwenye pleisteshen zinaingiza watu wawili na watazamaji kumi wanaosubiri zamu. Miwani moja ni mtu mmoja, na anayesubiri haoni kitu zaidi ya mwenzake anayechezea hewa. Kwa hiyo lazima urushe picha kwenye simu au televisheni, la sivyo hutapata foleni. Soma pia masharti ya gemu unazonunua. Nyingi zimeuzwa kwa matumizi binafsi ya nyumbani, si kwa kukodisha.

Jasho ndilo litakalokumaliza. Sponji ya usoni inafyonza, na mteja wa tano jioni hataki kuvaa jasho la wanne. Tafuta kava la silikoni linalofutika, futa kila mtu anapovua, weka kioo cha kujitazamia kwa wadada waliojipaka poda. Msimamizi asimame mkono mmoja nyuma ya mteja muda wote, si kwenye simu. Mteja wa kwanza apewe dakika tano za kukata vibox, magari yasubiri, na ndoo iwe karibu.

Na weka akiba ya betri. Kila kontrola inakula moja ya AA, na zile za bei ya kutupwa zinaisha bila kuaga. Mteja akibaki na mkono mmoja katikati ya wimbo, atadai nusu ya hela yake, na atakuwa na haki.