Miwani Nyeusi Siyo Miwani ya Kuvulia

Miaka sita iliyopita nililipandisha dau la mjomba wangu juu ya mwamba, bahari ikiwa shwari na jua likiwa limeshapanda, na mimi ndiye niliyekaa omo, mbele kabisa ya chombo, kwa kazi moja tu ya kuangalia njia. Tulikuwa tunarudi Kilindoni, Mafia, baada ya kukesha tukivua mshipi katika mkondo unaotazamana na delta ya Rufiji, na ilikuwa yapata saa tatu asubuhi. Kilindoni iko upande wa magharibi wa kisiwa, kwa hiyo chombo kinachorudi asubuhi kinaelekea mashariki, na aliyekaa omo hukabiliana na jua uso kwa uso. Nilikuwa nimevaa miwani nyeusi tii niliyoinunua Kariakoo siku mbili kabla ya safari, yenye kibandiko cha rangi ya dhahabu kinachodai kwamba ni polaraizi, yaani ya kuchuja mng'ao, nikajiona nimejiandaa kuliko wazee wote wa pwani ile. Nikapaza sauti, "Peupe, Mjomba, twende tu," na maneno hayajanitoka yote mkuku wa chini ya chombo ukakwaruza. Ubao mmoja wa chini ulipata ufa, tukakumba maji kwa ndoo hadi ufukweni, na wiki nzima iliyofuata dau lilikaa juu ya magogo likipigwa kalafati kuziba nyufa, kwa gharama yangu.

Mjomba hakunigombeza. Aliichukua miwani ile, akaivaa, akaitazama bahari kwa muda, kisha akanirudishia. "Umenunua giza, Mjomba," akasema, kwa maana huku kwetu mjomba na mpwa huitana kwa jina lilelile.

Ilinichukua muda kuelewa jinsi alivyokuwa amesema kweli. Nilidhani kwamba shida ya macho baharini ni wingi wa mwanga, na kwamba dawa yake ni kuupunguza. Shida hasa ni mng'ao, yaani ule mwanga uliogonga uso wa maji na kurudi juu, ambao hutandaza kitu kama bati jeupe juu ya bahari na kuficha kila kilichomo chini yake. Mwanga wa jua unaposafiri hutikisika pande zote, lakini ukigonga maji na kurudi, sehemu kubwa ya kinachorudi hutikisika kwa ulalo, sambamba na uso wa maji. Kioo cha polaraizi kina utando unaozuia mtikisiko huo wa ulalo na kuupitisha ule wa wima, na kwa kuwa mwanga unaotoka chini kwenye mchanga, nyasi na mwamba haukufinyangwa kwa namna ile, nusu yake hupita na kulifikia jicho. Miwani nyeusi ya kawaida hupunguza vyote viwili kwa kipimo kilekile, mng'ao pamoja na mwamba. Ni kama kupunguza sauti ya redio yenye mkwaruzo: mkwaruzo unafifia, na taarifa ya habari inafifia nayo.

Jambo hili lilianza kujulikana zamani, mwaka 1808, Mfaransa Étienne-Louis Malus alipotazama kupitia kipande cha fuwele mng'ao wa jua kwenye madirisha ya kasri la Luxembourg mjini Paris, akaona kwamba unabadilika kadiri anavyoizungusha fuwele yake. Miaka michache baadaye, mwaka 1815, Mskochi David Brewster akaonyesha kwamba kila kitu kinachopitisha mwanga, kama maji au kioo, kina pembe yake ambayo mwanga unaorudi huwa wa ulalo mtupu. Kwa maji, pembe hiyo hutimia pale jua linapokuwa nyuzi 37 hivi juu ya upeo wa macho. Kwa mvuvi hesabu hii ina faida ya moja kwa moja, kwa sababu katika sehemu zetu jua hufika kimo hicho karibu na saa tatu asubuhi na tena karibu na saa kumi alasiri, kukipishana kidogo kwa msimu. Hizo ndizo saa ambazo miwani ya kweli hufanya kazi yake kuliko wakati mwingine wowote, nazo ndizo saa zilezile ambazo wavuvi wengi wa mshipi wanarudi au wanatoka. Mimi nilipanda mwamba katika saa ambayo miwani halisi ingenisaidia zaidi ya zote.

Pembe hiyo ina matumizi mengine ambayo sikufundishwa na mtu, niliyagundua kwa kusimama. Mtu aliyesimama kwenye maji ya magoti huona chini vizuri zaidi hatua mbili tatu mbele yake. Akitazama miguuni pake moja kwa moja, miwani haimwongezei kitu, na akitazama mbali sana mng'ao hurudi kidogo kidogo. Anayevua kutoka omo la dau, ambapo macho yako juu zaidi, hatua hizo huongezeka. Kuna na kuinamisha kichwa upande: mawimbi hayalali sawa kama meza, kwa hiyo ukiona mng'ao bado umebaki, kilaze kichwa taratibu kuelekea bega moja kisha jingine, na kuna mahali utaona bahari inafunguka.

Faida ya kwanza kwangu, na ninaiweka mbele hata ya samaki, ni kujua unapotia nanga. Kabla ya kuwa na miwani nzuri tulikuwa tunatupa nanga kwa kukisia, na mara nyingi tuliivuta juu ikiwa na vipande vya matumbawe vilivyokatika, vyeupe mahali palipovunjika. Sasa naona mpaka kati ya mchanga na mwamba kama mtu anavyoona mpaka wa mkeka sakafuni, nanga inakwenda kwenye mchanga, na mwamba tunaoutegemea kwa changu na chewa unabaki ulivyo. Nanga iliyonasa kwenye matumbawe ni hasara vilevile, maana kamba hukatwa, na nanga haiokotwi dukani bure.

Samaki wenyewe wanafuata. Usitarajie kuwaona kama walio kwenye tangi la kioo. Unachoona kwanza ni kivuli kinachotembea juu ya mchanga, halafu mmeto wa ubavu anapogeuka, halafu ndipo samaki. Nimejifunza kutafuta mwendo badala ya umbo. Kundi la kibua likipita chini ya dau huonekana kama wingu lenye kingo, na wingu hilo likibanwa ghafla na kugeuka upande, unajua kuna kolekole nyuma yake na unajua mshipi uuelekeze wapi. Tunaporambaza, yaani tukiburuta mshipi nyuma ya chombo, mjomba akishika usukani nami omo, ninaweza kumwambia tufuate ukingo wa mwamba bila kuupanda, jambo ambalo zamani aliweza yeye peke yake kwa uzoefu wa miaka arobaini. Kati ya Oktoba na Februari, ambapo papa potwe hukusanyika karibu na Kilindoni, miwani hunionyesha mapema lile bonge la kijivu lenye madoa meupe likielea karibu na uso wa maji, tukampisha, kwa kuwa kumgonga mnyama mkubwa kuliko chombo chako si jambo la kutamani.

Wanaofaidika kuliko sisi wa madau, kwa maoni yangu, ni wanawake wanaokwenda mwambani kutafuta pweza wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Bamvua la kwetu maji hukauka sana karibu na saa nne asubuhi, na kinachobaki juu ya mwamba ni maji ya kifundo cha mguu yanayong'aa kama sufuria mpya. Nilimwazima mama yangu mdogo miwani yangu asubuhi moja, nikamfuata nyuma nikiwa nimekunja uso kwa jua. Alisimama ghafla, akaelekeza chuma chake kwenye shimo lisilozidi upana wa kikombe, na mlangoni mwake kulikuwa na maganda ya kaa na mawe madogo yaliyopangwa kama mtu aliyefagia. Bila miwani nilikuwa naona anga tu juu ya maji. Yeye alisema mashimo angeyaona hata bila miwani, ila angelazimika kuinama na kujikinga kwa kiganja kila hatua, na mgongo wake haumruhusu tena.

Kuna mahali miwani haifiki, na muuzaji hatakwambia. Wakati wa masika Rufiji ikiingiza maji yake ya udongo kwenye mkondo, hakuna kioo kinachoona ndani ya tope. Vilevile jua likiwa mbele yako na chini sana, miwani hupunguza mng'ao bila kuumaliza, kwa hiyo kanuni ya zamani ya kuingia kwenye miamba jua likiwa mgongoni haijafutwa. Wala miwani haibadilishi ule ulaghai wa maji wa kumwonyesha samaki au mwamba kuwa juu zaidi ya alipo. Na kioo cha simu au cha kifaa cha kutafutia samaki kinaweza kuonekana cheusi kabisa ukikitazama kwa upande fulani. Si kwamba kimeharibika, kizungushe au inua miwani.

Upande wa afya ya macho watu huchanganya mambo mawili. Utando wa kuchuja mng'ao na kinga ya mionzi ya jua ya urujuanimno (UV) ni vitu tofauti, na miwani inaweza kuwa na kimoja bila kingine. Miwani nyeusi isiyo na kinga ya mionzi inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa chochote, kwa sababu nyuma ya giza lile mboni hupanuka na kuikaribisha mionzi ndani. Mjomba ana kile kinyama kinachoota kutoka upande wa pua kuelekea katikati ya jicho, ambacho madaktari hukihusisha na miaka mingi ya jua, upepo na vumbi, na wavuvi wengi wa rika lake wanacho. Tafuta alama ya UV400, ambayo maana yake ni kwamba kioo kinazuia mionzi hiyo yote hadi nanomita 400. Chagua pia kioo cha polikaboneti, ambacho hakivunjiki ovyo. Mshipi ulionasa mwambani ukivutwa kwa nguvu na ndoana ikachomoka, chubwi, kile kizito cha mshipi, hurudi kama jiwe la manati, na mimi nina kovu dogo kwenye kioo cha kushoto ambalo lingekuwa kwenye jicho.

Sasa kununua. Usiamini kibandiko. Kila duka lina kikokotoo mezani: kiombe, kiwashe, tazama tarakimu kupitia kioo kimoja cha miwani, kisha izungushe miwani taratibu kama unavyozungusha usukani. Kama ni polaraizi, kuna mahali tarakimu na kioo chote cha kikokotoo vitakuwa vyeusi. Simu pia inafaa, ingawa baadhi ya simu hazibadiliki sana. Kama duka lina miwani mbili za aina hiyo, weka kioo cha moja juu ya kioo cha nyingine, moja ikisimama na nyingine ikilala. Mwanga ukiendelea kupita kama kawaida, angalau moja ni ya uongo. Ile yangu ya kwanza, ya shilingi elfu nane, nilikuja kuijaribu baadaye na tarakimu zilibaki zinanitazama kila upande.

Kuhusu rangi, kwa maji ya chini na mwambani mimi hupendelea kahawia au rangi ya shaba, ambayo hutenganisha vizuri mchanga na nyasi, na kijivu nawaachia wanaokwenda maji makuu kufuata jodari na nguru. Fremu iwe pana inayofunga pembeni, maana mng'ao unaoingia kwa ubavuni hupunguza kazi yote, na juu yake vaa kofia yenye ukingo. Funga kamba shingoni tangu siku ya kwanza, usisubiri ya pili.

Utunzaji una sharti moja. Chumvi ikikauka kwenye kioo ni sawa na msasa, kwa hiyo mimina maji yasiyo na chumvi kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini. Mjomba sharti hili halikubali. Miwani hana yake na hataki kununuliwa, lakini kila tunapogeuza omo kuelekea Kilindoni asubuhi hunyoosha mkono bila kusema neno, nami namvulia yangu. Tukifika ufukweni hunirudishia akiwa ameshaifuta kwa upindo wa shati lenye chumvi ya usiku kucha, na mimi huishika, nikamshukuru, nikaenda kuitafutia maji ya kisima.