Faraji au Faraja?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Bondeni, Nakuru. Nilijifungua mtoto wa kiume baada ya kulazwa karibu miezi miwili. Shangazi yake baba mtoto, mzaliwa wa Mumias, alikuja kutuona akampa jina Faraji. Mwaka huu mtoto ameanza chekechea, na siku ya kwanza nilikuta ameandikwa Faraja, tena kwenye orodha ya wasichana. Mwalimu wake akaniambia Faraji si neno, pengine karani alikosea kwenye cheti cha kuzaliwa. Jirani naye anasema hilo ni jina la matangani. Faraji yangu hajali, anaitika yote mawili, lakini mimi sina raha. Je, jina hili ni Kiswahili sahihi? Limetoka wapi? Na mbona huku kwetu sijamsikia mwingine?
Mama Faraji

JIBU: Mama Faraji, cheti hakina kosa. Faraji ni neno la Kiswahili, na kabla ya kuwa jina la mtu ni nomino ya kawaida yenye maana ya kuondokewa na dhiki. Wapo wazee ambao hadi leo husema "Baada ya dhiki faraji", pale ambapo vitabu vya shule vimezoea "Baada ya dhiki faraja". Methali ni ile ile. Mimi nilifundishwa ile yenye a, nikawa namsahihisha kila anayetamka ile yenye i, mpaka mzee mmoja wa Kendu Bay aliponiuliza kwa upole nani kanifunza Kiswahili. Kwa hiyo mwalimu wa chekechea namwelewa kabisa.

Hebu itazame methali hiyo kwa karibu, kwa sababu jina la mwanao limekaa mle ndani. Maneno yake mawili makuu yametoka Kiarabu. Dhiki kwa asili ni wembamba, mahali pabanapo: uchochoro ambao watu wawili hawapishani. Faraji nayo imetoka katika mzizi wa f, r na j, ambao maana yake ya kwanza ni vitu vilivyobanana kuachana, mwanya ukapatikana. Ukisoma hivyo, methali inaacha kuwa maneno ya kupoza moyo na inakuwa picha: ulikuwa umebanwa, sasa pamefunguka. Hata sisi tusiojua Kiarabu tunazungumza hivyo hivyo kila siku. Mwenye madeni tunasema amebanwa, maisha yamekaza, na siku akilipa tunasema sasa anapumua. Wewe ulikaa wodini miezi miwili. Shangazi alikukuta umetoka, mtoto mkononi, na katika maneno yote aliyokuwa nayo akachagua lile linalosema pamefunguka. Angeweza kusema Baraka akaishia hapo, kama wengi wetu.

Mzizi huo una watoto wengine mnaowajua. Kufariji ni wa humo, na mfariji, na kufarijika. Tafrija pia: kwa asili ni kumwondolea mtu huzuni, ingawa siku hizi ukisikia tafrija unafikiria pilau na spika kubwa. Na yuko mmoja ambaye lazima nimtaje japo kwa haya. Kutokana na ile maana ya mwanya, tumepata pia neno farji, yaani utupu wa mwanamke. Ona lilivyo karibu. Ukidondosha a moja tu katikati ya jina la mwanao, unaangukia huko. Basi kila fomu ya shule, kila kadi ya kliniki, hesabu irabu zake: a, a, i. Na mkazo uwe kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama maneno yetu karibu yote: fa-RA-ji.

Kuhusu ile i ya mwisho ambayo mwalimu aliidhania kosa la karani: Kiarabu husema Faraj, kikamalizia kwa konsonanti. Kiswahili hakipendi kuliacha neno wazi namna hiyo, hulifunga kwa irabu, tena irabu yenyewe haichaguliwi ovyo. Konsonanti ya mwisho ikiwa ni ya midomo, kama b, m au f, mara nyingi huongezwa u: Rajabu, Yakubu, Karimu, Yusufu. Ikiwa si ya midomo, huongezwa i: Hamisi, Rashidi, Saidi, Faraji. Jaribu kutamka Rajabu huku umeishika midomo yako kwa vidole, utaona kwa nini u inajileta yenyewe. Kanuni hiyo haikufia kwenye Kiarabu. Kiingereza kilipofika tulikifanyia vivyo hivyo, ndiyo maana tuna timu, klabu na albamu upande mmoja, na basi, benki na soksi upande wa pili. Wanaoandika Faraj bila i, na wapo wengi Pwani na kwingineko, hawajakosea. Wamebaki na sura ya Kiarabu. Ila kwa kuwa cheti kina i, msiiondoe, maana ofisi zetu zinaweza kukuzungusha mwaka mzima kwa herufi moja.

Sasa Faraja. Nadhani mwalimu aliwaza jozi kama Rashidi na Rashida, Saidi na Saida, Hamidi na Hamida, akahitimisha kwamba penye a pana msichana. Katika jozi hizo yuko sahihi, kwani hizo ni sifa za mtu na Kiarabu hutenganisha sifa ya mume na ya mke. Faraji na faraja si jozi ya aina hiyo. Yote mawili ni majina ya hali, kama amani au neema, na Kiswahili chenyewe hakijui jinsia kwenye mwisho wa neno. Juma, Baraka, Musa na Issa wanaishia na a, na hakuna anayewapeleka kwenye foleni ya wasichana. Zawadi na Pili wanaishia na i, na wengi wao ni wanawake. Kilichopo ni mazoea tu: Faraji huitwa wanaume, Faraja huitwa zaidi wanawake. Miss Tanzania wa mwaka 2004 aliitwa Faraja Kotta. Hata hivyo, ukimkuta mwanamume anayeitwa Faraja, usishangae sana.

Jirani yako naye hajasema uongo, amechanganya ndugu wawili. Huku kwetu, kuanzia Nakuru mpaka Busia, neno faraja tunalisikia zaidi penye msiba: neno la faraja, nyimbo za faraja, Mungu awafariji. Biblia ya Kiswahili imelitia nguvu, pale Paulo anapomwita Mungu "Baba wa rehema, Mungu wa faraja yote" katika Wakorintho wa Pili. Kwa hiyo faraja imeegemea upande wa kuliwaza: aliyefiwa anafarijiwa, lakini marehemu harudi. Faraji haikuingia sana kanisani, ikabaki na ile maana ya zamani ya dhiki yenyewe kuondoka. Shangazi wa Mumias alijua anachosema. Hakuja kukupa pole.

Tena inafaa kwamba jina lilitoka Mumias. Mji huo ulikuwa kituo cha misafara ya kutoka Pwani katika karne ya 19, na jina Faraji lilitembea sana na misafara. Mwandishi wa habari Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta mmisionari Livingstone, mmoja wa wapishi wake alikuwa Faraji. Stanley mwenyewe aliliandika Ferajji, kwa masikio yake ya kigeni. Miaka miwili baadaye, Mei 1873, Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, watu wake waliamua kumrudisha Pwani. Aliyeupasua mwili ili ukaushwe kwa chumvi na jua ni mtu aliyewahi kumtumikia daktari mwingine huko Unguja, na jina lake lilikuwa Farijala. Livunje utaliona: faraji ya Allah. Majina ya aina hiyo yanasikika pia miongoni mwa Wanubi wenye asili ya Sudani, na hao mnao jirani, Kibos na Kibigori upande wa Kisumu.

Mbona basi ni adimu? Hii ni rai yangu tu. Wazazi wa magharibi mwa Kenya wasio Waislamu, wanapompa mtoto jina la Kiswahili, huliokota kanisani: Baraka, Imani, Amani, Neema, Tumaini. Faraji halipo katika kapu hilo. Waislamu nao wengi hupenda majina ya mitume na masahaba. Faraji limebaki katikati, kwa wazee wanaompa mtoto jina kutokana na lililowapata. Na hilo si jambo geni kwenu. Mbukusu aliyezaliwa wakati wa njaa ni Wanjala, wa mvua ni Wafula, wa mavuno ni Wekesa. Tofauti ni kwamba Wanjala anaibeba njaa yenyewe maisha yote, kama wale ndugu zetu wa Tanzania wanaoitwa Shida, Tabu na Masumbuko. Mwanao amepewa mwisho wa kisa.

Kwa kupita tu: jina hili limevuka bahari pia. Huko Marekani, hasa tangu miaka ya 1960 na kuanzishwa kwa Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, mwaka 1966, wazazi weusi walianza kuwapa watoto majina ya Kiswahili. Imani lilivuma, Faraji likachukuliwa na wachache. Huko huambiwa maana yake ni liwazo, yaani na wao wamempa Faraji maana ya Faraja. Jirani yako ana wenzake mbali.

Mwambie mwalimu arekebishe orodha, nawe uende na nakala ya cheti mkononi, isiwe neno lako dhidi ya lake.

Limebaki jambo moja ambalo hukuniuliza. Katika barua yako umeandika "Faraji yangu hajali". Majina ya watu huchukua upatanisho wa mtu: Faraji wangu, kama mtoto wangu. Yangu tunaiacha kwa baba, mama, shangazi, rafiki na wenzao wachache. Lakini faraji ile ya methali si mtu, na mwenyewe akitaka kuidai atasema faraji yangu, bila kosa lolote. Kwa hiyo yote yako kwenye ile F. Ikiwa ni kubwa, futa yangu uandike wangu. Ikiwa ulikusudia ndogo, iache kama ilivyo.