Dodoso la lazima limefika nyumbani: siri huvujia wapi?

Kwa wanaoishi Marekani: bahasha inatoka Ofisi ya Sensa, ina mhuri wa Jeffersonville, Indiana, haitaji jina la mtu bali "mkaaji" wa anwani hiyo, na inasema kujibu ni lazima kisheria. Wengi huidhania ya matapeli wakaitupa. Ni American Community Survey, utafiti wa kaya unaofikia anwani zipatazo milioni 3.5 kila mwaka. Kilichochaguliwa ni anwani, si wewe, ndiyo maana jirani hajapata.

Lazima yenyewe ni ya kweli. Sheria ya sensa inataja faini ya hadi dola 100 kwa anayekataa, na sheria ya jumla ya adhabu inaweza kuifikisha dola 5,000. Kwa upande wa pili, mtumishi wa sensa anayetoa siri zako hukabiliwa na kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 250,000. Majibu yako hayaruhusiwi kufika kwa polisi, uhamiaji, watu wa kodi wala mwenye nyumba.

Mwenye shaka asichekwe, lakini. Mwaka 1943 ofisi hiyohiyo ilitoa majina ya watu wenye asili ya Japani waliokuwa wakiishi jijini Washington, D.C., kwa kuwa sheria ya vita ya 1942 ilikuwa imefungua mlango uliokuja kufungwa 1947. Atakayekuambia haijawahi kutokea hajui historia.

Ila siku hizi siri nyingi huvujia kwako mwenyewe kabla hazijafika ofisini. Barua ina namba ya kuingilia kwenye fomu ya mtandaoni. Mtu anaipiga picha, anaitupia kwenye grupu la WhatsApp: "Jamani, hii ni nini?" Namba imeshaenda kwa watu mia mbili. Funika namba na anwani kwanza, au uliza kwa maneno tu. Anwani ya tovuti iandike mwenyewe, census.gov, usibofye kiungo ulichotumiwa.

Kisha kuna mkalimani. Karani wa sensa ameapa kutunza siri maisha yake yote. Jirani anayekutafsiria hajaapa chochote, naye sasa anajua mshahara wako na idadi ya mnaolala humo. Akusaidie maana ya maswali, kisha ya kipato jaza peke yako.

Karani akibisha hodi, mtazame kitambulisho: kina picha na tarehe ya kuisha muda. Jina lake litafute kwenye orodha ya watumishi katika tovuti ya sensa, usipige namba anayokupa yeye. Mahojiano ya mlangoni yanatosha. Akitaka namba kamili ya Social Security, akaunti ya benki, jina la ukoo la mama yako kabla hajaolewa, au pesa yoyote, huyo si wa sensa. Funga mlango.

Maswali mengine huudhi, mathalani saa unayoondoka kwenda kazini. La uraia huogopwa zaidi: linauliza kama wewe ni raia, uliupataje, na ulikuja mwaka gani. Viza haiulizwi. Usidanganye, maana jibu la uongo la makusudi lina faini yake, hadi dola 500. Wengi huficha ndugu waliojibana chumbani kwa kuogopa mkataba wa pango, lakini anayekaa hapo zaidi ya miezi miwili huhesabiwa.

Weka mkononi bili za umeme na gesi za mwezi uliopita, maji ya miezi 12, na kodi ya nyumba. Mfumo ukikupa PIN ya kurudia, iandike mahali pa faragha. Ukishatuma, chana barua yenye namba. Barua ya kukumbusha inaweza kufika baadaye kwa sababu mlipishana njiani. Hiyo usiijibu tena.