Wasomaji Wanauliza: Drumu mbili, kanda ya mzunguko na albamu ya kuagia

SWALI: Bendi yetu ya punk inavunjika, na albamu ya mwisho tunataka iwe ya majaribio: wapiga drumu wawili kwa pamoja, na cello. Tulipojaribu kurekodi, drumu zilikosa uzito kabisa. Kwa nini?

JIBU: Umbali ndio unaowaangusha. Sauti husafiri takribani mita 3.4 kwa milisekunde 10. Drumu ya pili ikiwa mbali kiasi hicho na maiki za jirani, huingia mara mbili: kwenye maiki zake, kisha kwa kuchelewa kwenye zile nyingine. Mawimbi hayo yakichanganywa hukatana, na kwa milisekunde 10 shimo la kwanza, yaani masafa yanayopotea, huangukia hezi 50, pale pale penye uzito wa drumu ya kukanyaga.

Iondoeni matoazi drumu ya pili. Ibaki na snea (drumu ndogo yenye mlio mkali) na tom ya chini (drumu kubwa ya mlio mzito). Maiki zake zikae sentimita 5 tu kutoka kwenye ngozi. Kisha sikilizeni miksi kwa mono (sauti zote katika mkondo mmoja) huku mkigeuza polariti, yaani mwelekeo wa wimbi, ya maiki zilizo juu ya drumu, mchague upande wenye besi nzito.

Lakini maiki haziokoi mpangilio mbovu. Mpiga drumu wa pili akirudia anachopiga wa kwanza, mtapata vurugu. Sikilizeni The Argument, albamu ya bendi ya punk ya Marekani, Fugazi, iliyotoka Oktoba 2001 na ambayo haijafuatwa na albamu nyingine mpya. Mna cello mle, na mna mpiga drumu wa ziada, ila kila chombo kimeachiwa nafasi yake. Huo ndio ujasiri wenyewe: kupunguza. Cello yenu irekodini peke yake baadaye, na inapoingia, gitaa moja linyamaze, kwa sababu masafa yake ya chini na ya kati ndiyo hayo hayo ya gitaa lenye mkwaruzo.

SWALI: Tunataka mdundo wa kanda inayojizungusha. Tukate urefu gani?

JIBU: Kwa mashine ya kanda yenye mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde na wimbo wa mapigo 180 kwa dakika, mapigo manne ni kama sentimita 25. Hiyo ni fupi mno kuzunguka mashine. Kateni mapigo 16, karibu sentimita 102, na kanda inayobaki nje ya mashine izungushwe kwenye stendi ya maiki iliyosimama pembeni ili ibaki imekazwa. Kateni kwa mshazari wa digrii 45. Mkato wima hutoa mlio wa “tik” kila mzunguko. Utepe wa gundi uwe ule wa kuungia kanda, kwani selotepu ya kawaida huvuja gundi na kuchafua hedi, sehemu ya mashine inayosoma kanda. Drumu zirekodiwe zikiifuata kanda, kamwe si kinyume, maana kasi ya mashine huyumba.

SWALI: Wimbo wa fujo kuliko yote tuuweke mwisho wa santuri?

JIBU: Hapana. Kwa mizunguko 33⅓ kwa dakika, sindano hupita kama sentimita 51 kwa sekunde ukingoni, lakini karibu na lebo ni kama 21 tu. Matoazi na makelele hubanwa hapo, yakakwaruza. Fujo ianze upande, wimbo wa cello ufunge. Kila upande usizidi dakika 20. Ukizidi, sauti yote itabidi ishushwe.