Sato wangu hawakufa Julai, walikufa Septemba

Aliyewahi kulala Mafinga, huku Iringa, mwezi wa saba hahitaji kuelezwa kipupwe ni nini. Blanketi mbili, soksi miguuni, na asubuhi ukifungua mlango unakuta nyasi za bondeni zimepigwa barafu, nyeupe kama zimemwagiwa unga. Huko bondeni ndiko kilipo kinyungu changu, yaani bustani yangu ya mboga, na pembeni mwa kinyungu ndiko nilikochimba bwawa la samaki, mita 10 kwa 15, miaka sita iliyopita.

Nilipandikiza vifaranga 300 vya sato mwezi wa kwanza. Mvua zilikuwepo, maji yalikuwa na uvuguvugu, na kufikia mwezi wa nne samaki walishafika upana wa kiganja. Kipupwe kilipoingia nikafikiri kama mama. Sisi wenyewe baridi ikizidi tunakula zaidi, ugali unaongezwa na maharage yanaungwa vizuri. Basi na wao niwaongezee. Kila siku saa mbili asubuhi, kabla sijafungua duka langu la ushonaji, nilishuka na kopo la pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa usipa wa kusaga, nikamwaga lote. Samaki hawakuja juu. Nikajipa moyo kwamba wanakula chinichini. Juni yote, Julai yote mpaka katikati ya Agosti hakufa hata mmoja, nami nikaanza kuwatambia majirani.

Wiki ya kwanza ya Septemba jua likaanza kuwaka kisawasawa. Siku ya nne ya joto hilo nilishuka nikakuta maji yamekuwa rangi ya chai kavu, yananuka kama yai viza, na samaki wote wako juu, midomo nje, wanagombania hewa. Kufikia saa nne nilikuwa nimeokota 170 na ushee.

Nilidhani mtu kaniwekea sumu. Hakuna aliyeniwekea chochote. Chakula changu cha miezi miwili na nusu kilikuwa kimelala chini kama kilivyomwagwa, kwa sababu kwenye baridi hata kuoza kunakwenda polepole. Joto liliporudi kikaoza kwa mkupuo, na kuoza kunakula hewa ileile iliyomo majini ambayo samaki anaihitaji. Tena iliwakuta samaki wenyewe wamedhoofu, hawajala kitu tangu Juni.

Mwili wa samaki una joto la maji aliyomo, hana moto wake wa ndani kama sisi. Maji yakipoa, tumbo lake nalo linapoa na kusaga chakula kunasimama. Sato anakua vizuri maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 anakula kidogo na hakui. Ikifika 16 hivi anaacha kula, na ikishuka hadi 11 au 12 anaanza kufa. Bwawa langu mwezi wa saba husoma 15 alfajiri na 18 saa tisa alasiri. Yaani samaki yuko hai, lakini ni kama mtu aliyejifunika shuka gubigubi: usimgongee mlango kumpelekea chai.

Hapa niseme neno kuhusu ushauri wa mtandaoni, maana nilishawahi kuufuata. Ukitafuta namna ya kutunza bwawa la bustani wakati wa baridi, mengi utakayoyapata yameandikwa na watu wa Ulaya, na samaki wanayemzungumzia ni kapi. Kapi ni samaki mnene wa magamba makubwa, mwenye sharubu nne fupi mdomoni, ndugu wa wale wa rangirangi wanaowekwa kwenye vidimbwi vya hoteli. Huyo baridi anaiweza. Bwawa linaganda juu, yeye anashuka chini ambako maji hubaki na nyuzi kama 4, anatulia huko miezi kadhaa bila kula, na joto likirudi anaendelea na maisha. Ndiyo maana watu wa Poland na Cheki wamemfuga karne nyingi, na ndiye samaki wao wa mezani mkesha wa Krismasi. Kwa hiyo mwandishi wa kule akikwambia uache kulisha maji yakifika nyuzi 10, kwake ni sawa kabisa. Wewe wa Mafinga, Njombe au Makete ukisubiri 10 ndipo uache kulisha sato, utakuwa unalisha maiti.

Tofauti nyingine ni kwamba baridi yao inakuja mara moja na inakaa. Yetu inakuja usiku na kuondoka mchana. Saa kumi na moja alfajiri unatetemeka, saa nane mchana umevua koti. Hiyo ndiyo nafasi yetu, na karibu kila ninachofanya sasa bwawani ni kuhakikisha joto la mchana haliibwi usiku.

Mwizi mkubwa ni mfereji. Huku kwetu wengi tumezoea kuyaacha maji ya kijito yaingie bwawani upande mmoja na kutoka upande wa pili, usiku na mchana, tukiamini maji yanayotembea ndiyo maji safi. Jirani yangu mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuwa hivyo. Samaki wake walifikisha mwaka na nusu wakiwa bado saizi ya simu ya mkononi. Siku moja nilimkuta kwenye tuta lake.

"Kamwene, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hawa wako umewapa dawa gani?"

"Sijawapa dawa, baba. Nimefunga mfereji."

"Ukifunga mfereji si wanakosa hewa?"

Nikamwomba aingize mkono kwenye mfereji wake, kisha aingize kwenye bwawa langu. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Alirudia mara mbili bila kusema kitu, akajifuta mkono kwenye koti, akaondoka. Jioni nilisikia jembe lake likiziba mdomo wa mfereji kwa udongo na majani ya migomba.

Maji yakitulia yanashika joto la jua, na pia yanapata ile rangi ya kijani ambayo ndiyo chakula cha bure cha sato na ndiyo inayotoa hewa mchana. Mimi huingiza maji ya kufidia tu yale yaliyopungua, na huyaingiza kuanzia saa nane mchana, kijito kikiwa nacho kimepigwa na jua. Kupima ukijani, zamisha mkono wima mpaka kwenye kiwiko: vidole vikipotea macho kabla kiwiko hakijagusa maji, ni kijani cha kutosha. Vikionekana vyote, maji ni membamba mno. Vikipotea maji yakiwa yamefika kwenye kifundo cha mkono tu, simamisha samadi unayotia bwawani kuleta ukijani huo. Kwenye kipupwe samadi naipunguza kwa vyovyote vile, kwa sababu ileile iliyoniulia samaki Septemba ile.

Kina nacho kina maneno yake. Bwawa langu la kwanza lilikuwa sentimita 70 kila mahali, kama beseni, na beseni linapoa upesi. Sasa upande mmoja una mita moja na nusu, samaki wanateremka huko usiku. Upande wa kina kifupi nimeuacha uelekee jua la asubuhi, nikakata mikaratusi miwili iliyokuwa inautia kivuli (na inayokunywa maji kuliko ng'ombe). Upande upepo unakotokea nimepanda matete. Kuchimba na kukata huko kufanyike kabla ya Mei, si Julai ukishaona mambo yameharibika.

Nunua kipima joto. Si ghali, na bila hicho unabahatisha. Mimi changu nimekifunga ndani ya chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa matundu, na jiwe chini ili izame. Naishusha kwa kamba mpaka katikati ya kina, naiacha nikiwa namwagilia mchicha, kisha naivuta upesi na kusoma chupa ikiwa bado ina maji yake, maana kipima joto kikipigwa na upepo kinashuka papo hapo na kukudanganya. Alfajiri na alasiri. Naandika kwa penseli kwenye daftari lilelile la vipimo vya wateja, ndiyo maana ukurasa wa gauni la mtu unaweza kukuta pembeni pameandikwa 15, 18.

Sasa kulisha. Sioni aibu kusema kwamba kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Agosti nalisha siku chache mno. Siku yenye jua, alasiri ikisoma 18 na zaidi, narusha ngumi moja ya chakula upande wa kina kifupi na kuangalia. Wakikimaliza ndani ya robo saa, naongeza ngumi nyingine basi. Wakikiacha, sirudii kwa siku tatu. Siku ya ukungu hata kopo silishiki. Utawaona wembamba kidogo, usiwahurumie. Na usipange mauzo kama mtu wa Dar es Salaam anayevuna kwa miezi sita. Huku hesabu miezi 10 hadi 12, mwenye haraka afuge kuku.

Jambo ambalo sitaki urudie ni la wavu. Mwaka wa pili nilivuta kokoro mwezi wa saba kwa sababu mteja alitaka samaki wa msibani. Nilitoa wachache na kurudisha waliobaki. Baada ya siku kama tano wale niliowarudisha walianza kuota vitu kama pamba mgongoni na kwenye mapezi. Ni ukungu wa majini, na unaingia pale utelezi wa ngozi ulipochubuka. Kwenye joto kidonda kingepona, kwenye baridi ngozi haijitibu. Kwa hiyo kipupwe hakuna wavu, hakuna kuhamisha, hakuna kuhesabu.

Ukitaka kitoweo, tumia ndoano. Kijana wangu wa darasa la sita ndiye mvuvi wetu, na kwa kweli ndoano imenifunza mengi kuliko kipima joto. Asubuhi hapati kitu hata akae mpaka mchana. Kuanzia saa nane, akiweka chambo cha ugali mgumu uliokandwa na usipa, anashusha ndoano ndogo upande wenye jua na sato anaonja. Akivutwa anakuja bila ubishi, kama jani. Hiyo ni dalili kwamba bado maji yana baridi. Kambale tuliowaweka wachache hula giza likianza kuingia, na hao chambo chao ni nyungunyungu. Sharti langu moja tu: samaki anayerudishwa majini ashikwe kwa mkono uliolowa.

Nilimsimulia yule mzee kwamba Uingereza kuna watu wanalala usiku kucha kandokando ya ziwa kumvizia kapi, wakimpata wanampima uzito, wanampiga picha, wanambusu na kumrudisha. Alifikiri kidogo. "Sasa usiku wote ule walikwenda kufanya nini?"

Na wapo wanaoniuliza kama wanaweza kumleta kapi huku kwa kuwa anavumilia baridi. Kwanza mwone afisa uvuvi wa wilaya yako, kuingiza samaki mgeni kunataka kibali. Maji yetu mengi hapa yanateremka mto Ruaha Mdogo, yanaingia Ruaha Mkuu mpaka bwawa la Mtera. Tuta likibomoka huku kwako, samaki wako amekuwa tatizo la wengi. Tena kapi anachimbua chini kama nguruwe, maji yanakuwa tope na kingo zinamong'onyoka. Mimi nimebaki na sato wangu.

Mchana wa kipupwe sato hujikusanya kwenye kina kifupi kuota jua, wazito, na mdiria, yule ndege mla samaki, analijua hilo. Nimetandaza nyuzi juu ya kona ile na kuzifunga utepe wa kaseti za zamani, unavuma na kumeremeta upepo ukipiga. Mdiria alihama kwa wiki mbili, akarudi, sasa anakaa juu ya utepe wenyewe.

Agosti ikielekea ukingoni nateremka na ndoo na kuzoa uchafu wote wa pembeni ninaoweza kuufikia, naondoa majani yaliyozama, nafungua mfereji mchana kwa siku mbili tatu ili maji ya chini yatoke. Chakula narudisha taratibu: wiki ya kwanza robo, ya pili nusu. Mwaka jana nilikuwa hapo kwenye tuta na kopo siku kipima joto kiliposoma 20 kabla ya saa nne asubuhi. Nikarusha ngumi moja, maji yakachemka kwa samaki, na mdiria akaruka kwa mshtuko.