Maswali ya wasomaji: Kwani Pemba dunia imepinda zaidi?

SWALI: Assalaam alaykum. Mie nasoma upimaji ardhi hapa Unguja, nimetengeneza programu ndogo kwenye simu ya kupigia mstari wa latitudo. Natoka kwenye bikoni (alama ya mpimaji) napiga laini moja kwa moja mashariki, na kwa vile dunia ni mviringo laini hiyo huiacha latitudo kidogo kidogo, basi programu inanambia nishuke kusini kiasi gani nirudi kwenye latitudo ile ile. Fomula: masafa mara masafa, mara tan (tanjenti) ya latitudo, gawanya kwa nusu kipenyo cha dunia mara mbili. Ya mjini nimetia 6.165, kilomita 10, ikaja -0.93 ya mita, nikaridhika maana kutoa si ndo kusini. Juzi nikatia ya Chake, 5.25, kilomita hizo hizo 10, ikaja -13.15! Jee, kuna nini huko Pemba?

JIBU: Waalaykum salaam. Pemba haina kosa lolote mwanangu, na hiyo 0.93 ya Unguja nayo si sahihi, ila imekaa vizuri mno ndo maana hukuishtukia. Tan ya kwenye programu inataka radiani, kipimo chengine cha pembe, wewe umeipa digrii. Sasa tizama mambo: mduara mzima ni radiani 6.283 hivi, na 6.165 yako iko pale pale mwisho wa mduara, imebaki pembe ndogo tu, kwa hiyo tan ikatoka -0.1187 wakati ya kweli ni 0.108. Zimekaribiana kama ndugu! Na ile alama ya kutoa ikakudanganya zaidi, ukadhani imekuja kwa haki yake kumbe imeletwa na kosa. Chake 5.25 iko mbali na 6.283, basi kosa likatoka hadharani.

Zidisha latitudo kwa pai ugawe kwa 180 kabla ya tan, na huku kwetu kusini ya ikweta itie na alama ya kutoa. Utapata sentimita 85 Unguja na 72 Pemba, Pemba ndo kidogo maana iko karibu zaidi na ikweta. Mpaka wa Marekani na Canada unaofuata latitudo ya 49, ambao sehemu yake ilipimwa 1872 mpaka 1876, kilomita 10 kule ni kiasi mita 9, huko mtu hawezi kujisahau.

Jengine, ukiandika digrii na dakika, alama ya kutoa iwe ya yote. -5 na dakika 15 programu nyingi za wanafunzi zinafanya -5 kujumlisha 0.25, inakuwa -4.75, hapo ushaipita Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, uko baharini.

Kuijaribu tia 0, ije sifuri, halafu tia 45 kwa kilomita 10, ije mita 7.84, ikija 12.7 jua bado hujaigeuza kuwa radiani. Na kama kazi yenyewe ni viwanja vya nyumba wala usihangaike, kwa kilomita nzima mjini tofauti haifiki hata sentimita moja.