Nusu mwaka imekatika: maswali yenu kuhusu malengo ya biashara

*Nauza kanga Darajani, Unguja. Lengo langu la mwaka ni shilingi milioni 60, na hadi mwisho wa Juni nimeuza milioni 31. Nusu nimeivuka. Nipandishe lengo liwe milioni 70?*

Hapana, dada, usipandishe. Mwaka huu wa 2026 Idi zote mbili zimeshapita, ndogo Machi na kubwa Mei. Kuanzia sasa hadi Disemba huna Idi hata moja ya kukubebea mauzo.

Fungua daftari, utoe mauzo ya wiki mbili za mwisho za Ramadhani na ya wiki ya Idi kubwa. Tuseme ni milioni 14. Zinabaki milioni 17 kwa wiki 23, kama 740,000 kwa wiki. Zidisha kwa wiki 26 zilizobaki, upate milioni 19 na kidogo. Ukijumlisha na 31, mwaka utaufunga na milioni 50. Uko nyuma kwa milioni 10, na ni bora ulijue hilo leo kuliko Novemba.

Pengo hilo, kama doti unaiuza 15,000, ni doti 650 hivi. Za kuzitafuta zipo: Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, unaingia katikati ya Agosti, na vikundi vya maulidi na madrasa hushona sare. Ila doti 650 ni vikundi 16 vya watu 40, na kwa mwezi mmoja hivyo ni vingi mno. Vinane unaweza kuvipata, navyo ni kama milioni 5. Lengo jipya liwe milioni 55. Chukua arubuni ya nusu kabla hujanunua mzigo, maana kanga za sare zikikataliwa na kikundi kilichoziagiza, hupati kikundi kingine kinachotaka rangi ile ile.

*Nalima mwani Paje. Nilitaka kilo 600 kavu mwaka huu, nimepata 180. Kamba zangu hunipa kilo 60 kavu kila mavuno. Nikaze vipi?*

Mwani hauendi kwa mwezi, bibi, unaenda kwa bamvu, yale maji makubwa yanayojaa na kupwa sana. Tangu kufunga mbegu hadi kuvuna ni wiki sita hivi, kwa hiyo hadi Disemba una mavuno manne. Matatu ya mwanzo yahesabu kamili, kilo 180. La nne lihesabu nusu, kilo 30, kwa sababu upepo wa kusi ukishakatika maji hupata joto, mwani hugeuka mweupe na kukatika. Jumla ya mwaka ni 390. Weka 400.

Kinachotutia hofu ni hilo neno “nikaze”. Anayekimbiza kilo huvuna wiki ya nne, mwani ukiwa mwepesi, au huuza mpaka mbegu, vile vipande vya mwani vya kufunga tena. Kilo moja kavu hutoka katika kilo saba au nane mbichi, kwa hiyo mbegu uliyoiuza inakupa fedha kidogo mno na kuziacha kamba zako tupu bamvu lijalo. Ukitaka kuzidi 400, ongeza kamba Julai hii, na mwani uanike juu ya chanja au wavu, usiuanike mchangani.

*Nina duka la vyakula Wete, Pemba. Kwa daftari lengo nimelifikia, lakini fedha ya mzigo sina.*

Fedha yako iko kwa watu. Uliweka lengo la kuuza, la kukusanya hukuweka. Yagawe madeni mafungu matatu: chini ya siku 30, siku 31 hadi 90, na zaidi ya 90. Hilo la tatu usilihesabu tena kuwa ni mtaji.

Halafu tazama mikarafuu ya wanaodaiwa. Haizai sawa kila mwaka, na mzao mkubwa mara nyingi hufuatwa na mdogo. Mchumaji hulipwa kwa pishi alizochuma. Mwenye shamba husubiri karafuu zikauke kwenye jamvi, kisha azipeleke ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Basi usiwadai wote siku moja: mchumaji mdai mapema, mwenye shamba akishauza. Na anayetaka kukopa tena alipe kwanza nusu ya deni la zamani.

*Nyumba ya wageni Jambiani, vyumba sita. Aprili na Mei vilikuwa vitupu. Nishushe lengo?*

Masika hayakupi kipimo. Tazama Agosti: vyumba sita kwa siku 31 ni usiku 186. Hesabu ulioshawekewa nafasi mpaka leo, ulinganishe na ulivyokuwa tarehe kama ya leo mwaka jana. Usiulinganishe na Agosti nzima ya mwaka jana. Ukiwa na 70 na mwaka jana ulikuwa na 90, zungumza na mawakala wiki hii, na bei ya Septemba uitazame upya. Lengo la zamani usilifute. Andika jipya chini yake, na tarehe, na sababu.